Kifuko cha kwanza kimetoa nyigu badala ya vunjajungu. Hiki cha pili nikitunze vipi?

Mama wa Katuba

Jambo yenu wote. Mtoto wangu wa darasa la tano anafuga vunjajungu, na tuseme ukweli, tunafuga wote wawili, kwa sababu akienda masomo ni mimi ninayekimbizana na nzi jikoni.

Mvua zilipoelekea mwisho tulikata kwenye mpera kijiti chenye kifuko cha mayai, kile cha povu gumu la rangi ya udongo. Tukakitundika ndani ya bokali, chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Wiki hii vidudu vimetoka, lakini vunjajungu hamna hata mmoja! Ni vinyigu vidogo vya kijani kinachong'aa, vingine vina mkia mrefu mwembamba. Kifuko kimejaa vitobo ubavuni. Mtoto alilia. Baba yake alicheka, na hilo halikusaidia.

Sasa tunaye jike mkubwa wa kijani, tulimkuta kwenye sombe (majani ya muhogo) ya jirani. Tulimletea dume, wakapandana (dume alipona, sijui kwa bahati gani), na jike ametaga kwenye kijiti ndani ya sanduku. Je, hiki nacho kitatoa nyigu? Baridi ya usiku imeanza huku Lubumbashi, nikiweke wapi? Vitoto vitakula nini? Na mama mkwe anasema wadudu hawa wanatema sumu machoni, anataka nitoe kila kitu nje.

Mwalimu Mstaafu (Kampemba)

Mama, pole kwa mtoto, ila mwambie ameona kitu ambacho wanafunzi wangu wengi wa biolojia hawakukiona. Hao ni nyigu wa jenasi ya Podagrion. Ule mkia ni mrija wa kutagia: nyigu jike anauchomeka ndani ya povu, anaacha mayai yake, na mabuu wake wanakula mayai ya mwenye nyumba. Wakishakomaa hutoboa njia ya kutokea, ndiyo hivyo vitobo vya ubavuni. Vitoto vya vunjajungu havitoboi hivyo, vinapita katikati, kwenye mstari ulio juu ya kifuko. Usikitupe bado. Nyigu si lazima wamalize mayai yote, huenda ukapata vunjajungu wachache baadaye. Lakini bokali hilo litoe nje ya nyumba leo, nyigu wasije wakakifikia kifuko kipya.

Cha pili kimetagwa ndani, kwa hiyo upande huo una amani. Na kwa kuwa walipandana, mbegu ya mara moja inaweza kutosha vifuko kadhaa, basi mlishe jike vizuri, atataga tena. Jike asiyepandwa hutaga pia, povu zuri kabisa, ila kwa kawaida halitotoi kitu.

Kama kila bawa lake la mbele lina doa jeupe, yaelekea ni vunjajungu wa jenasi ya Sphodromantis. Kwenye joto la digrii 25 mpaka 30 mayai yao hutotoa baada ya wiki 4 hadi 6 hivi, na baridi ikizidi yanachelewa. Juni na Julai mchana wetu hauna shida, shida ni usiku, unashuka chini ya digrii 10. Watu watakuambia uwashe taa. Taa gani, kwa umeme huu? Wengine watasema weka karibu na mbabula, jiko la makaa. Hapana kabisa: gesi ya makaa haifai kwa mdudu wala kwa mtoto, na hewa inakauka mno. Mimi naweka sanduku ndani ya kartoni juu ya kabati, na usiku naweka kando yake chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kitambaa.

Kifuko kibaki vilevile jike alivyokitaga, upande wa juu uwe juu, na chini yake pawe na nafasi, maana vitoto vinashuka vikining'inia kwenye nyuzi nyembamba na kujivua ngozi ya kwanza papo hapo. Nyunyiza maji kidogo siku moja, ruka moja, kwenye kuta za sanduku kuliko kwenye kifuko. Mfuniko uwe wa kitambaa cha chandarua au soksi ya nailoni. Bila hewa utaota ukungu.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba hawana sumu yoyote. Mkubwa anaweza kukubana kidole kwa miguu ya mbele, basi.

Sasa chakula, na hili ndilo linaloua vitoto vingi kuliko baridi. Watu wanangoja vitotolewe ndipo waanze kutafuta nzi. Anza na nzi leo! Vitoto havipigi meno kwenye nzi wa nyumbani, ni mkubwa mno. Vinataka wale nzi wadogo wa matunda. Kwenye digrii 25 nzi hao wanachukua siku kama 10 kutoka yai mpaka kuruka, kwenye baridi yetu karibu mara mbili. Ukiwa na chupa tatu zilizopishana wiki moja moja, hutalala na njaa ya watoto.

Fiston wa Ruashi

Mama, jambo. Papa Mwalimu amesema yote, mimi naongeza la nzi tu. Ndizi iliyoiva sana, uiponde, chachu ya mikate kidogo, karatasi iliyokunjwakunjwa ya kutembelea. Lakini kinachovuta nzi kuliko vyote ni mabaki ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi kilichochachuka. Acha chupa wazi uani mchana, jioni funga kwa kitambaa, umeshapata mbegu ya nzi.

Kuwahamisha ndiyo kazi, wanaruka. Tia chupa kwenye frigo dakika chache, wanalegea, unawamwaga kwa vitoto kabla hawajaamka. Umeme ukikatika, tumia karatasi uliyoizungusha mfano wa koni, ncha ndogo iingie kwenye sanduku, wataenda wenyewe kufuata mwanga.

Wakikua kidogo wape vidukari kutoka kwenye maharage. Inswa (kumbikumbi) za mvua za kwanza wakubwa wanazigombania, mimi pia nazigombania, kwa hiyo tunagawana.

Mama wa Katuba

Aksanti sana, papa na wewe mdogo wangu. Bokali limetoka nje, chupa ya ndizi iko tayari, nyumba inanuka. Ila vitatoka vingapi? Na vyote vitakaa sanduku moja?

Mwalimu Mstaafu (Kampemba)

Kutoka kwenye kifuko kizuri, mia na zaidi. Usijaribu kufuga vyote, utakuwa mtumwa wa nzi. Bakiza kumi au kumi na tano, vingine vimwage kwenye lengalenga (mchicha) unayoimwagilia maji. Huko kuna vidukari na unyevu.

Uliowabakiza wanaweza kukaa pamoja mwanzoni, chakula kikiwepo kila siku. Baada ya kujivua mara mbili au tatu watenganishe, kila mmoja na chupa yake ya plastiki iliyokatwa. Urefu wa chupa uwe mara tatu ya urefu wa mdudu, na juu pawe na kitambaa cha kushika, kwa sababu wanajivua wakiwa wamening'inia kichwa chini. Akianguka katikati ya kazi hiyo miguu inapinda. Siku hizo hali chakula. Ukiona amekataa, ondoa nzi wote, wasimsumbue.

Na dawa ya mbu ya kupuliza! Nimeona mtu anatunza miezi mizima, halafu mgeni anapuliza chumba usiku mmoja. Waambie wote nyumbani, kuanzia na huyo baba aliyecheka.

Mama wa Katuba

Nitamwambia kwa furaha. La mwisho: mtoto anataka kujua nani dume nani jike kabla hawajakomaa.

Mwalimu Mstaafu (Kampemba)

Mgeuze uone tumbo kwa chini, hesabu pingili. Jike utaona 6, dume 8. Kwa wadogo sana macho hayatoshi, ngoja wafikie nusu ya ukubwa, tumia lenzi. Wakishakomaa, mpe jike wiki mbili tatu za kula vizuri kabla ya kumletea dume, na siku yenyewe awe na nzi mkubwa mdomoni dume anapoingia kwa nyuma.

Fiston wa Ruashi

Mama, ukipata madume ya ziada nikumbuke. Jike wangu alimla wa kwanza.