Anayeanza kuonja mvinyo aanze na upi: mweupe mkavu, mwekundu mkavu au mtamu?

Mkazi wa Area C: Habari zenu wanajukwaa. Mwezi ujao nimealikwa na wenzangu wa kazini kuonja mvinyo katika kiwanda kimoja cha Hombolo, hapa Dodoma, na kwa kuwa nimezoea ule mwekundu mtamu wa kwenye sherehe tu, naomba mnishauri nianze na upi, na kama kutema mvinyo mbele ya wenyeji si dharau.

Mkulima wa Hombolo: Karibu sana kwetu. Anza na mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, kwa sababu hauna sukari ya kuficha kitu, na uchachu wake unausikia mara moja kinywani. Mtamu uuache uwe wa mwisho kabisa, maana ukiutanguliza, mkavu unaofuata utauona mchachu kupita kiasi na utauhukumu bila haki. Mimina kidogo, shika glasi kwenye mguu wake, iinamishe juu ya karatasi nyeupe uione rangi, izungushe taratibu ili harufu ipande, kisha unuse kabla ya kupiga funda.

Mhudumu wa hoteli, mjini: Mpangilio huo ndio unaofuatwa, lakini kwa mtu wa kujifunzia nyumbani mimi ningempa kwanza mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora. Ukakasi wake hauhitaji mwalimu: ulimi unakauka na fizi zinakaza, kama mtu aliyekunywa chai ya rangi iliyokaa na majani yake tangu asubuhi. Tatizo ni joto letu. Mwekundu unapendeza kwenye nyuzi 15 hadi 18, na chupa iliyoshinda mezani mchana wa Novemba hapa Dodoma inapita hapo kwa mbali, hata ukinusa unapata kileo kitupu badala ya matunda. Iweke kwenye friji nusu saa kwanza. Mweupe ni nyuzi 8 hadi 12.

Mkulima wa Hombolo: Hilo la joto nakubaliana nalo kabisa. Kuhusu kutema, ndugu yangu, si dharau hata kidogo. Chombo huwekwa mezani kwa kazi hiyo, na anayeonja aina sita bila kutema, ya sita haijui. Ninaloomba kwa moyo wote ni msijipulizie manukato. Mwaka juzi mgeni mmoja alikuja amejipulizia mazito, na meza nzima haikuweza kunusa mvinyo tulioutunza tangu mavuno.

Mama wa Kizota: Mle kabla ya kwenda, na kati ya glasi na glasi msafishe kinywa kwa maji na mkate mkavu, si kwa korosho za pilipili. Mkiulizwa mmepata ladha gani, semeni zambarau, ukwaju au ubuyu kama ndicho mlichokisikia. Dereva wenu asionje kabisa.

Mkazi wa Area C: Nashukuru sana, kaka zangu na mama. Nitaanza na mweupe mkavu, na leo jioni naweka chupa ya mwekundu kwenye friji nijaribu huo ukakasi.