Kubeba fimbo za kuvulia kwenye gari: bomba juu ya keria au kuzitundika ndani?

Mshipi Mrefu
Habari zenu wanajukwaa. Nina fimbo nne za kuvulia, mbili za kaboni na mbili za faiba, na kila moja inaachana vipande viwili. Kwa sasa nazilaza juu ya kiti cha nyuma kilichokunjwa, huku ncha zikipita katikati ya viti vya mbele, lakini safari zangu ni ndefu na sehemu kubwa ya barabara ni mashimo na vumbi. Je, nitengeneze bomba la kufunga kwenye keria, au nizitundike ndani, chini ya dari? Tena, kuna ubaya kuziacha garini siku mbili tatu mfululizo?

Nahodha
Ndugu, nakushauri bomba. Fimbo ya kaboni hustahimili kupindwa, maana ndiyo kazi yake, ila haistahimili kugongwa: chubwi la risasi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) likiigonga, au fimbo jirani ikiisugua njia nzima, hupata ufa usioonekana kwa macho, kisha huvunjika siku samaki anapovuta, nawe ukadhani samaki ndiye aliyeivunja. Tafuta bomba gumu la plastiki la maji taka, lenye kipenyo cha milimita 110, lizidi kipande kirefu kabisa kwa sentimita 10 hivi, na ubandike sponji nene ndani ya vifuniko vya pande zote mbili. Kila kipande kivae mfuko wake wa kitambaa, na rili, yaani vile vifaa vya kukunjia mshipi, zifunguliwe zisafiri peke yake. Toboa matundu madogo upande wa chini ili unyevu upate pa kutokea. Mdomo wa bomba uelekee nyuma ya gari, usipigwe na mvua na upepo wa mbele, lakini kifuniko chake kiwe na kufuli au ukanda imara, kwani kikifunguka njiani fimbo zitamwagika barabarani. Baada ya kipande cha kwanza cha barabara mbovu, simama ukaze nati upya.

Pwani Tulivu
Kabla ya kutundika chochote ndani, tazama kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayofichwa juu ya milango. Kifaa kinachofungwa kwenye vishikio vya abiria hukaa kwenye njia ya mifuko hiyo, na siku ya ajali kinaweza kurushwa usoni mwa mtu. Hata mpangilio wako wa sasa haunipendezi, kwa sababu ncha zilizo karibu na mkono wa dereva ni hatari kwa fimbo na kwa dereva mwenyewe.

Chambo Hai
Kuhusu kuziacha garini, tatizo ni joto. Gari lililofungwa juani huwaka kiasi cha kulainisha gundi ya vipete (pete ndogo kwenye fimbo zinazopitisha mshipi) na ya mpini, na fimbo iliyobanwa ikiwa imepinda inaweza kubaki na mpindo. Ukilazimika kuziacha, zilale zimenyooka, gari liwe kivulini, na breki ya rili ilegezwe. Zilizotoka maji ya chumvi zioshwe kwa maji baridi na zikauke kabisa kabla ya kuingia kwenye bomba. Baada ya safari ngumu, pitisha pamba ndani ya kila kipete: ikiacha nyuzi, basi kipete kimepasuka na kitakukata mshipi.

Mshipi Mrefu
Nawashukuru sana. Nimekagua, na juu ya milango kuna alama ya mifuko ya hewa, kwa hiyo nitafuata njia ya bomba. Je, fimbo zote nne zitaenea katika bomba moja?

Nahodha
Vipande vinane vyenye vipete vikubwa vitabanana. Tengeneza mabomba mawili, kila moja lichukue fimbo mbili, na uvipange vipande kwa kupishana, ncha ya kimoja ikikaa upande wa mpini wa kingine, ili vipete visisuguane.