Ushauri: bosi analipia AI moja tu, nichague ipi kwa kazi za forodha?

KaraniMpakani: Wakuu, habari za jioni. Niko Malaba, upande wa Uganda, karani kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Bosi kasikia habari za AI huko Kampala, karudi na moto: nichague moja ailipie, dola 20 kwa mwezi, basi. Kazi ni barua za Kiingereza kwa wateja, kutafuta namba za HS (zile za kuainisha bidhaa kwa ushuru), hesabu za Excel, na voisi za madereva wa Mombasa. Kuna mmoja huongea dakika nne kueleza kwamba amepata pancha.

Nimejaribu ChatGPT ya bure. Barua inaandika kunishinda. Lakini wiki iliyopita niliiuliza matairi mapya ya foklifti, ikanipa 4011 bila kupepesa macho. Nikajaza. Mzee wetu wa ofisini akachungulia: "Hayo yanajazwa upepo?" Hayajazwi, ni mpira mtupu ndani nje. 4011 ni matairi mapya ya upepo; haya huenda 4012, pamoja na yaliyotumika. Ilibaki kidogo tupeleke tamko. Sasa, ipi haikosei?

Mama_Risiti: Isiyokosea haipo, mdogo wangu. Na wewe uliiambia kama ni ya upepo au la? Hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, kitabu cha ushuru huenda zisikifungue mpaka uzipe. Mimi kwa HS natumia NotebookLM ya Google, ile ya bure. Napakia PDF ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, toleo la 2022, nauliza, jibu linakuja na kinamba. Ukikibonyeza unapelekwa kwenye mstari wenyewe. Nausoma kwa macho yangu ndipo naandika.

JichoLaData: Mkuu, Uganda kuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019. Invoisi yenye jina, simu na TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja usiibandike huko. Weka "Mteja A". Na ingia kwenye mipangilio, zima ile ya kutumia mazungumzo yako kuifundishia.

TuliaTororo: Kama ofisi inalipia Microsoft 365 tayari, angalieni kwanza Copilot, AI ya Microsoft, mliyopewa humo inafika wapi. Fomula mimi huomba kwenye ya bure, kisha najaribu kwa mistari mitatu ambayo jibu lake nalijua.

KaraniMpakani: Na voisi?

TuliaTororo: Kiswahili kitupu, inaandikika. Dereva akichanganya na Kiganda na Kiingereza cha stendi, unapata uji. Yangu iliwahi kuandika kontena limefika "kanisani". Zisikilize tu. Kwa maandishi, Google Translate ina Kiganda tangu 2022, na Sunbird AI wa Kampala wanatengeneza zana za lugha zetu, wachungulie.

KaraniMpakani: Kwa hiyo nimwambie bosi asilipe?

Mama_Risiti: Mwezi mmoja asilipe. Wewe shika daftari: kazi gani, AI ipi, dakika ngapi, mzee alisahihisha nini. Ikionekana barua ndizo zinakula siku yako na ya bure inakukatia njiani, hapo lipieni hiyo ya barua. Hizo dola 20 za mwezi huu, elfu sabini na kitu za Uganda, mnunulieni mzee rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, kila asubuhi.

KaraniMpakani: Nimemsomea. Anasema ya mayai matatu.