Rili ya juu inanitesa, nimekosea fimbo, mshipi au ni mkono wangu tu?

mgeni_wa_mshipi

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana nimefika mahali natamani kuitupa hii fimbo majini. Nimeanza kuvua besi (samaki wa maji baridi, bass) si muda mrefu, zamani nilikuwa natumia mshipi wa mkononi na chubwi basi, sasa nikaona wenzangu wanarusha mbali nikasema na mimi niwe mtu. Nikachukua seti moja kwa moja bila kuuliza mtu. Fimbo futi 7 na nusu imeandikwa heavy, rili ni ile ya juu ya kubonyeza kwa dole gumba (baitcaster), nikajaza mshipi wa kusuka wa nguvu ya pauni 50 kwa sababu niliambiwa besi ana nguvu.

Ninachorusha zaidi ni minyoo ya mpira na kachubwi kadogo ka gramu 3 na nusu. Matatizo yangu ni haya. Nikirusha tu mshipi unatatana kwenye spuli (gurudumu la mshipi), nakaa dakika ishirini nachomoa kitanzi kimoja kimoja, nikirudi majini narusha mara mbili unatatana tena. Juzi nikapata besi mzuri, nikavuta, rili inazunguka kama haina dragi (breki ya kumzuia samaki asivute mshipi) wakati nimekaza mpaka mwisho, akaenda zake. Nikabadilisha nikaweka mshipi wa flurokaboni pauni 12, huyo wa pili alipokula nikamvuta kwa nguvu ukakatika pale pale kwenye ndoano. Sasa kosa ni nini hapa? Fimbo, rili, mshipi au ni mimi mwenyewe? Msinicheke.

Babu_Chubwi

Hatukucheki mkuu, hapo ulipo wote tumepita, wengine tulikata mshipi wote kwa kisu tukaenda nyumbani.

Nianze na kosa kubwa maana ndilo linazaa mengine. Chukua hiyo fimbo yako, angalia juu kidogo ya mpini, kuna maandishi madogo watu hawasomagi. Itakuwa imeandikwa kitu kama 3/8 mpaka 1 1/2 oz, yaani gramu 10 mpaka 42 hivi. Huo ndio uzito wa chambo ambao hiyo fimbo imetengenezwa irushe. Fimbo inarusha kwa kupinda, chambo kinaivuta nyuma inapinda halafu inajinyoosha inakitupa. Sasa wewe umeipa gramu 3 na nusu, haipindi hata ncha, ni kama kurusha jiwe kwa nguzo ya umeme. Unachofanya ni kuongeza nguvu ya mkono, spuli inaanza kuzunguka kwa kasi na chambo chepesi hakina uzito wa kuvuta mshipi kwa kasi hiyo hiyo. Mshipi unaotolewa na spuli unazidi unaoondoka, huo wa ziada uende wapi, unajizonga humo humo ndani. Kutatana kote ni hiyo hesabu tu, spuli imemzidi chambo mbio.

Kwa hiyo siyo mkono wako, au tuseme siyo mkono peke yake. Kwa mnyoo mwepesi hivyo tafuta fimbo ya spining, futi 6 na nusu mpaka 7, medium, ncha ya haraka (fast), iwe imeandikwa kama 1/8 mpaka 1/2 oz, na rili saizi 2500 au 3000. Spining mshipi unachomoka pembeni, spuli yenyewe haizunguki wakati wa kurusha, kwa hiyo hiyo shida ya mbio haipo kabisa. Seti hiyo moja inafanya karibu kila kitu chepesi na ingekuwa ya kwanza kwako kabla ya hiyo uliyonayo. Ila usiuze hiyo nzito, siku ukirusha chura wa mpira juu ya mayungiyungi utaikumbuka.

ncha_laini

Nakazia hapo kwa Babu. Niongeze tu watu wanachanganya nguvu ya fimbo na kupinda kwake, ni vitu viwili. Heavy, medium, light hiyo ni ugumu, inahitaji uzito gani kuipinda. Fast au moderate ni inapindia wapi, fast inapinda ncha tu, moderate inapinda mpaka katikati. Kwa mnyoo na jigi (ndoano yenye chubwi kichwani) unataka fast kwa sababu unasikia mguso mdogo na ndoano moja nene inahitaji kugongwa. Lakini vile vichambo vya samaki bandia vyenye ulimi wa plastiki na ndoano za meno matatu, ukivitumia na fimbo ngumu ya fast utampoteza besi kila akiruka. Zile ndoano ni nyembamba zinashika ngozi kidogo tu ya mdomo, besi akitoka juu akatikisa kichwa fimbo ngumu inazing'oa, fimbo inayopinda inamfuata. Mimi nilipoteza wengi sana kabla sijaelewa hili, nilikuwa nadhani ndoano zangu butu, nanoa weeee.

Gumba_Juu

Naona wote mnamkimbiza aache rili ya juu, hapana. Mtu akiweka chambo cha gramu 14 kwenye hiyo hiyo fimbo yake na akaifunga vizuri atarusha leo leo. Mkuu fanya hivi usiku huu kabla hujalala.

Funga chambo cha gramu 14, hata chubwi tupu lisilo na ndoano. Nyoosha fimbo mbele yako, ncha ikae juu kidogo, zungusha rili mpaka chambo kining'inie karibu na ncha. Pembeni upande wa mkono wa kuzungushia kuna kinobu kidogo, hicho ndicho kinakaza spuli. Kikaze kabisa, bonyeza kitufe, chambo hakishuki. Sasa kilegeze taratibu kama unatafuta stesheni ya redio ya zamani, mpaka chambo kianze kushuka chenyewe polepole. Kikigusa chini, spuli isimame. Ikiendelea kuzunguka na ukaona vitanzi vinafura, umelegeza mno, rudi kidogo. Halafu upande wa pili kuna breki, za sumaku au za vipini vidogo, anza nazo juu, kwenye robo tatu hivi, halafu punguza siku hadi siku dole likizoea. Na ukibadilisha chambo chenye uzito mwingine rudia tena, watu wengi wanaweka mara moja wanasahau.

Dole gumba ligusane na mshipi wakati wote chambo kiko hewani, kwa ulaini, kama unagusa chungu kujua kina moto. Chambo kikikaribia maji unakandamiza, spuli inasimama kabla hakijagusa. Mara nyingi kutatana kunatokea pale mwisho, chambo kimeshasimama majini spuli bado ina mbio. Na usirushe kwa hasira. Rusha nusu ya umbali unaotaka, kwa mviringo, nyumbani kwenye uwanja, mara mia moja. Usirushe kinyume na upepo kwanza, hiyo acha.

Ukitatana usivute mshipi kwa nguvu. Kandamiza spuli kwa dole, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu dole likiwa bado limekandamiza, halafu bonyeza kitufe uvute polepole. Vitanzi vingi vinajifungua vyenyewe. Dakika ishirini zako zitakuwa mbili.

mgeni_wa_mshipi

Duh Gumba_Juu asante sana, nimejaribu sebuleni na chubwi la gramu 14, ni kweli linashuka taratibu na spuli inasimama. Sikujua hata hicho kinobu ni cha nini, nilidhani ni cha kufungulia kuweka oili. Sasa mbona hamjasema kuhusu dragi na mshipi kukatika?

fundo_saba

Hiyo ni yangu. Dragi yako haina shida. Ulifunga mshipi wa kusuka moja kwa moja kwenye spuli tupu si ndiyo? Mshipi wa kusuka unateleza, hauna mshiko kwenye chuma, kwa hiyo samaki akivuta mshipi wote kwa pamoja unazunguka juu ya spuli kama pete kwenye kidole chembamba, wewe unakaza dragi na dragi haihusiki. Weka kwanza mizunguko kadhaa ya nailoni chini, au kipande cha gundi ya karatasi, ndiyo ufunge wa kusuka juu yake. Na ujaze kwa mkazo, pitisha mshipi kwenye kitambaa chenye maji, ukiujaza ukiwa legevu utajizamisha katikati ya wenzake siku ukirusha kwa nguvu na chambo kitakatika kiende peke yake.

Sasa kukatika. Uliangalia ncha ya mshipi iliyobaki? Kama imejikunja kama nywele za kipilipili, fundo liliteleza. Kama imekatika laini, kitu kiliukata, angalia pete za fimbo, pitisha pamba ndani ya kila pete, ikinasa nyuzi hapo pana ufa. Mimi naweka hela kwenye fundo. Flurokaboni haipendi joto, ukikaza fundo kavu linajisugua na kujiunguza na ule mshipi wa pauni 12 unabaki wa pauni tano. Lowesha kwa mate, kaza taratibu, halafu livute kwa mkono kabla hujarusha. Mimi nafunga palomar kwa karibu kila kitu, unapitisha mshipi uliokunjwa mara mbili kwenye tundu, fundo la kawaida, halafu ndoano nzima inapita kwenye kitanzi. Angalia tu mikunjo isipandane.

Na dragi usiikaze mpaka mwisho. Robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, pauni 12 iachie kwenye 3 au 4. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, siyo kwa kuvuta na vidole, vidole vinadanganya.

ncha_laini

Kuhusu aina ya mshipi mimi namwambia aweke wa kusuka pauni 10 mpaka 15 kwenye spining na lida (kipande cha mwisho karibu na ndoano) ya flurokaboni pauni 8, mita moja na nusu hivi. Flurokaboni besi haioni majini.

Babu_Chubwi

"Besi haioni" hapana, hiyo ni lugha ya kwenye boksi. Inapinda mwanga karibu na maji kuliko nailoni inavyopinda, kwa kipimo cha kupinda mwanga maji ni 1.33, flurokaboni 1.42, nailoni inapita 1.5. Karibu siyo sawa. Inafichika kidogo tu kuliko nailoni, na kwenye maji ya matope haina maana yoyote. Sababu ya kweli ya kuitumia ni kwamba inazama na haichubuki haraka kwenye mawe. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kuzama usiitumie na chambo cha kuelea, itakivuta pua chini kife.

Halafu jamani rekodi ya besi wa mdomo mkubwa, pauni 22 na aunsi 4, George Perry aliiweka 1932 kule Georgia Marekani, wakati huo hata nailoni ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja 1935. Ikaja kufikiwa 2009 na Manabu Kurita kwenye Ziwa Biwa Japani. Miaka 77. Sasa mniambie habari za mshipi usioonekana.

ncha_laini

Sawa mzee umeshinda rekodi, ila kwenye maji meupe mimi lida siitoi ng'o. Nimekaa na rafiki yangu mtumbwi mmoja, chambo kimoja, yeye wa kusuka mtupu mimi na lida, siku nzima nilimzidi.

fundo_saba

Au ulikuwa umekaa upande mzuri wa mtumbwi 😂

Mgeni, nailoni ya kawaida usiidharau. Inavutika, inasamehe makosa, haipandishi joto haraka kwenye fundo, na kwa rili ya juu ukiwa unajifunza ni rahisi kuchomoa ikitatana. Pauni 14 au 17. Ubaya wake inakunywa maji na jua linaichosha, kwa hiyo ibadilishe mara kwa mara. Ukishazoea dole rudisha wa kusuka pauni 50 kwa ajili ya magugu, huko ndiko kwake, unakata majani kama msumeno.

Gumba_Juu

Na kwa spining, ukisharusha funga kile kiwaya kinachoshika mshipi kwenye spuli kwa mkono, usizungushe rili kijifunge chenyewe, halafu vuta mshipi kidogo kabla ya kuanza. Vitanzi vingi vya spining vinaanzia hapo.

mgeni_wa_mshipi

Wakuu narudi na ripoti. Sijapata spining bado. Nimeweka nailoni pauni 17 kwenye hiyo hiyo rili, jigi la gramu 14, kinobu na breki kama alivyosema Gumba_Juu. Asubuhi nzima nimetatana mara nne tu, na zote nilikuwa narusha kinyume na upepo kama nilivyokatazwa. Ile flurokaboni niliichunguza, ncha ilikuwa kipilipili kabisa, fundo_saba nakupa heshima yako. Pete ya pili kutoka juu imenasa pamba pia, nitaibadilisha.

Na nimepata wawili! Mmoja mdogo, mmoja wa kama kilo moja na nusu, alikula jigi linashuka, nikaona mshipi unaenda pembeni bila kusikia kitu mkononi. Nikamshika mdomo wa chini kwa dole gumba nikamwachia. Sasa swali la mwisho, dole limechubuka lote kama nimelisugua na msasa, ni mshipi wa rili au nimeshika vibaya?

Babu_Chubwi

Hayo ni meno ya besi mkuu, madogo kama msasa kweli. Hujashika vibaya. Ukipata wa tatu tumia dole lingine, hilo liache lipone maana ndilo breki yako.