Aproni ya pili ya NBA inawaadhibu waliolea wachezaji wao wenyewe

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na nalalamikia kitu kimoja tu. Aproni ya pili, yaani mstari wa juu wa mishahara ambao klabu ya NBA ikiuvuka inafungiwa njia za kusajili, inamhesabu mchezaji uliyemchagua kwenye drafti (zamu za klabu kuchagua vijana wanaoingia ligi) ukamlea miaka 8 sawasawa na nyota uliyemnunua jana akiwa ameshaiva. Watetezi wanasema dola ni dola. Wekeni hesabu mezani tuone.

Msimu wa 2025-26 ukomo wa mishahara ni dola milioni 154.647. Kodi ya anasa, ile anayotozwa mwenye klabu kwa mishahara iliyozidi, inaanza kwenye milioni 187.895, aproni ya kwanza 195.945, ya pili 207.824. Ukomo wenyewe unavukika, kwa sababu haki za Bird zinakuruhusu kumbakiza mchezaji wako hata ukiwa umejaa. Kinachokaba klabu siku hizi ni aproni. Na wanaojumlisha mishahara pekee wanajidanganya: kwenye hesabu ya aproni, hata bonasi ambazo hazitarajiwi kufikiwa zinaingizwa zote. Klabu unaiona iko chini kwa milioni 1, kumbe imeshavuka.

Sasa chukua klabu iliyofanya drafti vizuri. Ina wachezaji wawili waliofuzu supamaksi, yaani asilimia 35 ya ukomo, milioni 54.13 kila mmoja. Ina wa tatu wa asilimia 30, milioni 46.39. Jumla asilimia 100. Watu watatu wamemaliza ukomo wote, na unahitaji wengine 11 ili ufikishe kikosi cha watu 14. Hadi aproni ya pili umebakiwa na milioni 53.18. Wanane ukiwapa kima cha chini, ambacho kinahesabiwa milioni 2.296 kwa kila mmoja, unatumia 18.37. Zinabaki kama 34.8 za kupata wawili wa kuanza na mmoja wa kwanza kutoka benchi. Hapo senta mmoja wa maana akitaka milioni 20, hesabu imekufa.

Mwaka unaofuata ni mbaya zaidi. Nyongeza ya mkataba wa haki za Bird inafika asilimia 8 ya mshahara wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo hao watatu wanapanda kwa milioni 12.4. Aproni inapanda kwa kasi ya ukomo. Ukomo ukipanda kama ulivyopanda 2024, kutoka 136.021 hadi 140.588, yaani asilimia 3.36, aproni inapata milioni 7 tu. Pengo la zaidi ya milioni 5 linalipwa na benchi. Hujasajili mtu, hujakosea popote.

Kinachonikera kuliko vyote ni hiki. Supamaksi ililetwa na mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa 2017 kusudi klabu iweze kumzuia nyota wake asiondoke. Mchezaji anaipata kwa klabu iliyomchagua, au iliyompata ndani ya miaka yake 4 ya mwanzo, na sharti awe ameingia timu bora za msimu, au ametwaa tuzo ya mchezaji bora au ya mlinzi bora. Kwa hiyo ligi imekupa fungu kubwa umlipe mtoto wako mwenyewe, halafu mkataba wa pamoja wa 2023 ukaja na aproni ya pili kukuadhibu kwa kumlipa. Mkono mmoja unakupa, wa pili unapora.

Itazameni Denver. Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, Murray wa 7 mwaka 2016, Porter Jr. wa 14 mwaka 2018. Watatu hao wakaleta ubingwa wa 2023. Kiangazi hicho hicho Bruce Brown akaondoka. Alikuwa amekaa mwaka mmoja kwa mshahara wa milioni 6.479, hivyo haki za Bird hazikuwa zimekomaa na Denver ingeweza kumpa asilimia 120 tu, kama milioni 7.8. Njia nyingine ilikuwa kibali cha kati, yaani ruhusa ya kusajili mtu hata ukiwa umepita ukomo, cha milioni 12.4, lakini ukikigusa hicho unafungiwa chini ya aproni ya kwanza, na Denver isingetosha humo. Indiana ikampa milioni 22 kwa mwaka. 2024 Caldwell-Pope naye akaenda Orlando kwa milioni 66 za miaka 3. Huyo haki zake za Bird zilikuwa kamili; kumlipa kungeitupa Denver juu ya aproni ya pili. 2025 wakampeleka Porter Brooklyn pamoja na chaguo lao la raundi ya kwanza la 2032, wakapata Cameron Johnson anayelipwa kama milioni 17 pungufu. Misimu mitatu, watu watatu wa kikosi cha ubingwa.

Ukivuka aproni ya pili unapoteza haya: kibali cha kati cha mlipakodi (kile kidogo cha klabu zinazolipa kodi ya anasa), ruhusa ya kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili upate mmoja mkubwa, ruhusa ya kutoa fedha taslimu kwenye mabadilishano. Kisha chaguo lako la raundi ya kwanza la miaka 7 mbele linagandishwa, huwezi kulitoa. Ukirudia kuvuka mara 2 ndani ya misimu 4 inayofuata, chaguo hilo linasukumwa mwisho wa raundi hata kama umemaliza mkiani. Hili la kuunganisha mishahara ndilo linaloua. Klabu yenye nyota watatu na wengine wote wa kima cha chini haina mshahara wa katikati wa kubadilishia. Imefungwa mikono na miguu.

Phoenix waliokusanya nyota kwa kununua, Durant kisha Beal, walistahili kubanwa. Msimu wa 2024-25 walishinda 36 na kupoteza 46. Lakini mlango wa kutokea walipewa: mkataba wa Beal uliobakiza miaka 2 ukavunjwa na deni likanyooshwa kwa kanuni ya miaka iliyobaki mara 2 kujumlisha 1, yaani miaka 5, kama milioni 19.4 kwa mwaka. Wakashuka chini ya aproni. Denver wangemnyoosha nani, Jokić?

Hata Kuminga, kijana wa Goma aliyechaguliwa wa 7 na Golden State mwaka 2021, alisubiri hadi mwisho wa Septemba 2025 kusaini. Horford alikuwa anakuja kutoka Boston kwa kibali cha mlipakodi cha milioni 5.685, na kibali hicho kinakufungia chini ya aproni ya pili. Hadi mshahara wa Kuminga ujulikane, usajili wote ulisimama.

Dawa ipo na haihitaji kuvunja mfumo. Kwa kodi ya anasa, supamaksi ihesabiwe yote, mwenye klabu alipe. Kwa aproni pekee, ihesabiwe asilimia 30. Tofauti ya asilimia 5 ni milioni 7.73. Kwa supamaksi mbili ni 15.46, mchezaji mmoja wa kibali cha kati cha 2025-26 (14.104) anatosha humo. Na ligi isituambie kwamba haiwezi kuhesabu mshahara pungufu ya unaolipwa. Mkongwe wa miaka 10 na zaidi kwa mkataba wa mwaka mmoja wa kima cha chini msimu wa 2025-26 anapokea milioni 3.63, klabu inahesabiwa 2.296, tofauti inabebwa na ligi. Tayari wanafanya hivyo ili wakongwe wasikose kazi.

NYONGEZA: Mdau hapo chini ameuliza kuhusu Boston, kwamba Holiday na Porzingis walioondoka kiangazi cha 2025 hawakulelewa pale. Ni kweli, na jeraha la Tatum lilichangia pia. Lakini Tatum na Brown wote walichaguliwa wa 3 na Boston, 2017 na 2016, na wote wako kwenye supamaksi. Toa asilimia 5 kwa kila mmoja kwenye hesabu ya aproni, Boston inapata nafasi ya kama milioni 15. Pengine Porzingis angeondoka vilevile. Horford hakuwa na sababu ya kuondoka.