Mrejesho: kigauni cha lastiki cha binti yangu

Wapendwa, niliuliza hapa namna ya kushona kigauni cha kitenge cha mtoto wa miaka miwili bila lastiki kumbana kifuani. Kimekamilika, na amekataa kukivua!

Nilianza kwa kufua kitenge na kukianika kabla ya kukata, maana pamba hunywea. Kifua chake ni sentimita 50, nikakata lastiki ya 48, na 2 zikaliwa kwenye kupandanisha ncha. Njia ya lastiki niliacha mwanya wa vidole viwili, nikapitisha lastiki kwa pini, nikaizungusha hadi ikatokea upande wa pili, nikapandanisha ncha na kuzipiga zigizaga (mshono wa kwenda huku na huku), kisha nikaufunga mwanya. Ukiinua kigauni sasa hivi, ngozi haina alama yoyote.

Dada aliyenionya kuhusu kamba za kufunga shingoni, Mungu akubariki. Kamba ikinasa kwenye bembea ni hatari kubwa. Nimeweka mikanda mipana ya mabegani, imeshonwa mbele na nyuma, basi. Pindo la chini nimeliacha nene ili nilifumue akirefuka.

Mabaki yamekuwa bibu, kile kitambaa cha kumkinga mtoto kifuani anapokula: kitenge juu, taulo kuukuu nyuma, kifungo cha kubana kinachoachia kikivutwa. Taulo linanyonya uji vizuri kuliko bibu zote nilizowahi kununua.

Sasa nataka kumshonea kaka yake kaptula. Je, nifumue kaptula yake kuukuu nipate kielelezo cha kukatia, au niilaze tu juu ya kitambaa niichore?