Tupeane uzoefu: uliporudi shule, mtoto alibaki na nani?

Habari za jioni wadau. Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha pili, alijifungua mwezi wa tatu, na Januari anarudi darasani. Mkuu wa shule kakubali bila maneno mengi, na sare tumeshapeleka kwa fundi aipanue kifuani. Kilichotukwamisha, ule waraka wa serikali unaoruhusu waliojifungua kurudi shule haukukigusa: binti anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi saa kumi jioni. Mama yuko sokoni na nyanya zake, mimi niko kazini. Mtoto anabaki na nani? Mliopitia, mwageni hapa. Mahubiri msilete, tumeshapewa ya kutosha kwenye kikao cha ukoo.

Mdau wa Shinyanga:
Mimi nilipata mimba 2018, mwaka mmoja baada ya ile kauli ya Rais Magufuli pale Chalinze kwamba mwenye mimba harudi. Kwa hiyo wakati wetu swali lako lisingekuwepo, mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Nikauza karanga stendi. Bibi ndiye aliyesikia kwa mwalimu mstaafu jirani yetu habari za QT, ule mtihani unaomfungulia aliyeacha shule njia ya kufanya wa kidato cha nne, nikaanza kituo cha jioni, saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Bibi alikuwa na maandazi yake asubuhi, mchana anapumzika. Tulipishana mlangoni, yeye anatua beseni, mimi namkabidhi mtoto. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Ndalichako, anatangaza wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi, mimi niko katikati ya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nililia usiku ule, na mpaka leo sijui ilikuwa furaha au hasira. Nilipata divisheni ya tatu, pointi 24. Beseni la bibi bado ninalo.

Mdau wa Morogoro:
Mimi nilirudi 2022. Dada, mwambie mapema kuhusu maziwa. Mimi hakuna aliyeniambia. Kipindi cha hesabu, saa tano, shati likaloa lote. Nikavaa sweta, na joto lile! Mwalimu mmoja wa kike aliona, hakusema neno darasani. Mchana akaniita, akanipa ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo, niwe nakamua humo katikati ya mipira na nyavu. Muhula uliofuata tulikuwa wawili.

Mtoto nilimwacha kwa jirani, elfu moja kwa siku na sukari juu. Hapo nilikosea. Alikuwa anapewa uji mwepesi wa sembe kutwa nzima. Kliniki walipompima, mstari kwenye kadi ulikuwa unashuka tu. Na majirani nao, badala ya kuuliza mtoto anakula nini, wakasema nimembemenda, eti nimelala na mwanamume huku nanyonyesha. Kabla hamjamlipa mtu, kaeni naye siku mbili tatu mtazame anavyomlisha. Unga wa lishe pelekeni wenyewe, na kijiko cha kupimia.

Mdau wa Iringa:
Kwani lazima sekondari ya kawaida? Mimi nilisoma chuo cha maendeleo ya wananchi. Kulikuwa na chekechea humohumo chuoni, mapumziko unakimbia unanyonyesha, unarudi. Nilichukua uchomeleaji, wenzangu wengi walikwenda kwenye ushonaji. Leo natengeneza mageti.

Ila kuna jambo linanikera. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri haina riba, ni mizuri, lakini ni ya vikundi na ni lazima uwe umefika miaka 18. Wa miaka 17 aliyebeba mtoto mgongoni anaambiwa asubiri akue. Mtoto wake hasubiri.

Mwanzisha mada:
Anataka kidato cha nne, dada. Amekaza.

Mdau wa Iringa:
Uliza hapohapo chuoni. Baadhi yao wanafundisha na masomo ya sekondari.

Mdau wa Tabora:
Mimi ni baba. Binti yangu alipopata mimba, nilimfukuza. Kijana mwenyewe alikuja na wazee wake, tukamaliza kinyumbani. Sheria nilikuwa naijua, ni miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini nilichukua pesa. Niliezekea bati chumba cha uani. Mvua ikinyesha siwezi kulala chumba kile.

Mke wangu ndiye aliyemfuata binti kwa shangazi yake akamrudisha. Sasa yuko kidato cha tatu. Umeuliza mtoto anabaki na nani? Anabaki na mimi. Nilikuwa mlinzi, nimeshapumzika. Mwanzoni nilimficha ndani watu wasimwone, leo nakwenda naye kijiweni, anatuvurugia kete za bao. Wazee wenzangu walinicheka wiki mbili, wakachoka.

Mdau wa Kwale:
Huku Kenya sera ya kumrudisha msichana shule ipo tangu 1994, lakini malezi ni yenu wenyewe. Sisi tulikuwa watatu kijiji kimoja, mama zetu wakapeana zamu. Leo watoto wote kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna aliyelipwa. Ugomvi ulikuwepo, wa sabuni hasa.

Mwanzisha mada:
Mrejesho. Mama anaacha soko Jumatatu na Jumanne. Mimi nimebadilishana zamu na mwenzangu, Jumatano ni yangu. Leo jioni nimegonga nyumba ya pili, binti wao naye ana mtoto wa miezi sita na anataka kurudi. Mama yake kasikiliza kimya kimya, kisha akauliza kama wetu analia usiku au mchana. Nikasema usiku. Basi kachukua Alhamisi, Ijumaa bado tunaijadili.

Mdau wa Morogoro, ulikuwa unakamulia kwa mkono au kuna kile kipampu? Dukani nimeambiwa bei nikarudi nyumbani.